Mtindi wa bibi au unga wa dukani?

Shikamoo daktari,

Nakuandikia kutoka Isevya, hapa Tabora mjini. Mwanangu wa kiume ana mwaka 1 na miezi 7, na hii ni wiki ya tatu silali kwa ajili ya tumbo lake.

Ilianza kwa kikohozi na homa. Zahanati wakamwandikia amoksilini ya siku 5, kifua kikapona. Lakini siku ya tatu ya dawa alikuwa ameshaanza kuharisha, mara 5 hata 6 kwa siku. Na huu ni msimu wa maembe, nzi wamejaa uani, kwa hiyo sikujua nilaumu dawa au uchafu. Nikarudi naye, nikapewa ORS na zinki, kidonge kimoja kwa siku, siku 10. Nilikuwa nakiyeyusha kwenye kijiko kwa maziwa yangu mwenyewe, maana bado ananyonya. Amevimaliza vyote. Kuharisha maji kumekoma, hana homa, chooni hakuna damu, anacheza. Ila choo bado chepesi, kina mapovu, na usiku nikimlaza kifuani nasikia tumbo linavyounguruma. Kliniki mzani umeonyesha kilo 10 na gramu 100, pale pale alipokuwa mwezi uliopita. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Kijana wa duka la dawa aliniambia amoksilini haichagui, inaua vijidudu vya ugonjwa pamoja na bakteria wazuri wanaokaa utumboni. Akanitolea boksi la vipakti vya unga, anauita probayotiki. Vipakti 10 ni shilingi 28,000. Sina hela hiyo, nikanunua 2. Cha kwanza nilikikoroga kwenye uji unaotoa mvuke. Jioni binti yangu mkubwa akanisomea maandishi madogo ya pembeni: vitunzwe chini ya nyuzi 25, visichanganywe na kitu cha moto. Nguvu ziliniishia. Kumbe ni bakteria hai, na mimi nimewaunguza kwa mkono wangu. Halafu nikakumbuka boksi lenyewe lilikuwa kwenye rafu ya dirishani, jua linalipiga. Je, walikuwa hai hata kabla sijavinunua?

Mama mkwe, ambaye ni mtu wa Nzega, anasema hela hizo nazitupa. "Mume wangu huyu mpe mtindi," ananiambia, kwamba watoto wake 7 wote wamekulia mtindi wa kibuyu. Ameshanunua lita moja kwa muuzaji anayepita na baiskeli, akatia na asali ya Sikonge. Asali sina ugomvi nayo, kliniki walitukataza kabla mtoto hajafikisha mwaka, na huyu ameshavuka. Hofu yangu ni maziwa yenyewe. Muuzaji anakiri hayakuchemshwa, na tumefundishwa kwamba maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela na hata kifua kikuu. Nikiuchemsha mtindi, unakatika, na hao bakteria wazuri nao wanakufa.

Nimefikiri nichemshe maziwa mabichi mwenyewe, yapoe mpaka yawe vuguvugu, nitie kijiko cha mtindi kama mbegu, nifunike mpaka kesho yake. Lakini mbegu nikiitoa kwenye dumu la yule muuzaji, si nitakuwa nimerudisha vijidudu vile vile? Mtindi wa pakiti wa dukani unafaa kuwa mbegu? Na kwa mtoto wa umri huu nianze na kiasi gani kwa siku, wakati choo chake bado hakijakaa sawa?

Pia niambie, daktari, kile kipakti kilichobaki kina kazi yoyote, au tumbo la mtoto hurudi lenyewe nikiendelea kumnyonyesha na kumlisha vizuri? Na nisubiri siku ngapi kabla ya kumrudisha hospitali kwa sababu ya uzito?

Mtindi wa bibi uko kwenye beseni la maji, nimeufunika. Kila asubuhi ananiuliza kama nimempa, nami sitaki kumvunjia heshima. Sijampa bado.

Mama wa watoto wawili,
Isevya, Tabora