Miguu ya mbele ya gari la zamani: pima kwanza, ndipo uagize vipuri

Mhariri,

Kila mtu akinunua gari la zamani, hakosi wa kumwambia: "Badilisha miguu yote ya mbele, umalize kazi," yaani mikono, springi na viungo vyote vinavyoshika magurudumu ya mbele. Ushauri huo una utamu wake, lakini ndio unaopeleka chuma kizuri cha kiwandani kwenye vyuma chakavu, na nafasi yake ikachukuliwa na kipuri cha kuiga ambacho tundu lake halikai sawasawa. Kinachotakiwa ni kujua kipi huisha kwa umri, kipi huisha kwa kazi, na kipi hakiishi mpaka kipigwe au kiliwe na kutu.

Uamuzi huo huanza kabla ya nati yoyote kufunguliwa. Gari likae kwenye sakafu iliyo sawa, matairi yakiwa na upepo wake kamili, upime toka katikati ya hab (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto. Andika vipimo. Kisha chukua jeki. Kama springi inakalia mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na bodi), jeki iwekwe chini ya mkono huohuo, karibu na boljointi (kiungo cha duara kwenye ncha ya mkono), ili boljointi itoke kwenye uzito. Ukiinulia kwenye chasisi, springi itausukuma mkono chini na boljointi iliyokufa itatulia kama mpya. Wengi hudanganyika hapo. Ford Mustang ya miaka ya 1960 ni kinyume, kwani springi yake iko juu ya mkono wa juu: chomeka kabari ngumu ya mbao kati ya mkono huo na bodi, ndipo uinue bodi yenyewe.

Sasa shika tairi juu na chini, ulitikise. Likipwaya, mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya hab. Ukibaki, ni boljointi au kingipini (pini ya wima ambayo gurudumu hugeukia). Ukitikisa kwa kushika kushoto na kulia, anayeumbuka kwa kawaida ni tairodi endi (kiungo cha ncha ya fimbo ya usukani). Dakika kumi za kazi hiyo huokoa boksi zima la vipuri visivyohitajika.

Raba haina mjadala. Bushi (vikombe vya raba kwenye maungio ya mikono), mifuko ya vumbi, raba za stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) na hosipaipu za breki, vyote vitoke hata kama vinaonekana vizima, kwa sababu raba huzeeka hata ikikaa bure. Bushi "mpya" iliyolala kwenye boksi lake la awali kwa miaka 40 ni bushi ya miaka 40.

Hata hivyo, bushi nzuri huuawa na ufungaji kuliko ubovu wake. Bushi ya raba iliyogandishwa kati ya bomba mbili za chuma haizunguki. Hujinyonga, mkono ukipanda na kushuka. Ukikaza bolti zake miguu ikiwa inaning'inia, umeikaza kwenye mkao ambao gari halitembei nao. Likishushwa chini, raba tayari imejinyonga, na mwendo wote unaanzia hapo. Baada ya muda mfupi inachanika, lawama anabeba muuzaji. Funga bolti kwa mkono tu, shusha gari, litikise mara kadhaa likae kwenye kimo chake, ndipo ukaze kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukazia).

Bushi za poliyurethani hazijinyongi, huzunguka, kwa hiyo zinataka grisi yake maalumu ya silikoni, la sivyo zitalia kama mlango wa zamani. Zinafaa, lakini si kila mahali. Kwenye fimbo inayozuia mkono wa chini kurudi nyuma, bushi ngumu kupita kiasi hunyima fimbo nafasi ya kupinda pinda, na chuma kikaanza kuchoka penye nyuzi. Hapo tungebaki na raba.

Tukija kwenye kingipini, pini mpya ndani ya bushi kuukuu (hii si ya raba) ni hasara tupu. Vinabadilishwa pamoja: bushi mpya hupigwa presi, tundu lake la grisi likitazamana na nipeli ya kupigia grisi, kisha zote mbili hupitishwa rima moja ndefu (kifaa cha kusaga tundu lifike kipimo) ili zikae mstari mmoja. Angalia pia mwaka wa gari kabla ya kuagiza. Volkswagen Beetle lilitumia kingipini hadi modeli za 1965, na kuanzia modeli za 1966 likapewa boljointi. Jina la gari peke yake litakuletea vipuri visivyoingia.

Triumph Herald na Spitfire zina ugonjwa wao. Chini ya mguu kuna kipande cha shaba nyeusi chenye nyuzi, na nguzo ya chuma imejifunga ndani yake kama skrubu. Hicho kinataka oili ya gia ya EP90, si grisi. Grisi hukauka, maji yakaingia, kutu ikala nyuzi, na siku moja nguzo hukatika, mguu ukalala. Kwa hiyo hapo usitazame shaba tu: safisha nyuzi za nguzo, na ukiona mashimo ya kutu, nguzo itoke.

Mikono yenyewe hairuhusiwi kutupwa bila ushahidi. Ilaze kwenye bamba lililonyooka, tazama kama imepinda, kama matundu ya bolti yamekuwa ya yai, kama kuna ufa penye welding. Mkono wa chuma cha kufua uliopita mtihani huo usafishwe, upakwe rangi, urudi. Pale boljointi inapokaa kwenye tundu la mchongoko, paka wino pini mpya, ikaze kidogo, itoe: wino uwe umeguswa pande zote. Ukiguswa upande mmoja tu, tundu limeharibika na boljointi mpya itapwaya.

Springi hupimwa urefu wake ikiwa huru, kisha hulinganishwa na kitabu cha gari. Ikiwa fupi au ina mashimo ya kutu, zibadilishwe mbili, kamwe si moja. Shokapu vivyo hivyo. Kwenye MGB shokapu ndiyo pia mkono wa juu, hivyo ikivuja hutengenezwa upya na fundi wake badala ya kutupwa.

Kotapini (pini za kuzuia nati isifunguke) na nati zenye nailoni hazirudiwi. Bolti iandikwe alama ya uimara, 8.8 au 10.9, na kwa nyuzi za inchi iwe na mistari mitatu au sita kichwani. Isiyo na alama ibaki kwenye kazi za geti.

Shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha pembe ya gurudumu) za mkono wa juu zihesabiwe kwa kila bolti zikitoka, zifungwe kwenye mfuko wenye jina. Alaimenti (kupima na kunyoosha pembe za magurudumu) ifanywe mwisho, kisha bolti zikaguliwe tena baada ya kilomita 100 hadi 200. Na boksi la vipuri vilivyotolewa lisitupwe hadi alaimenti ikubali: ikikataa kufika kwenye kipimo cha kitabu, weka mkono wa zamani juu ya mpya, uchungulie matundu yao. Yasipolingana, mkono mpya ndio wenye kosa.

Ni sisi,
Mafundi wa magari ya zamani