Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kadi ya bima isihesabiwe kama matibabu

Mheshimiwa Waziri, salaam kutoka Tandahimba, Mtwara. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita bungeni 2023 na mimi naiunga mkono kabisa, ila naomba sana msiipime kwa idadi ya kadi tu.

Zahanati tunayotumia sisi mgonjwa akiingia anaandikwa kwenye MTUHA, yaani vitabu vya taarifa za afya, kile kitabu namba 5, umri, anapotoka, ugonjwa, mwisho wa mwezi namba zinajumlishwa zinaingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, zinaenda juu huko. Sawa. Sasa chukulia mama mwenye kadi ya CHF iliyoboreshwa (bima ya mfuko wa afya ya jamii), kaya imelipa elfu 30 kwa watu 6, kaja na mtoto anachemka homa, kapimwa, kaandikiwa dawa afu anaambiwa hii haipo kanunue duka la dawa, basi kwenye ripoti huyo kahudumiwa!! Hela aliyoacha dukani haionekani popote kwenye hiyo ripoti, na mwakani asipolipia tena mnasema wananchi hawana elimu ya bima. Elimu wanayo mheshimiwa, wamepiga hesabu wakaona hailipi.

Ninachoomba ni kwamba dawa iliyoandikwa na dawa iliyotolewa ziwekwe pamoja kwenye ripoti, kila kituo, kila mwezi, na waliolipia tena kadi wahesabiwe peke yao wasichanganywe na wapya. Hapo ndo mtajua watu wanakimbia wapi na kwa nini. Na msituangalie kwa wastani wa taifa, Mtwara peke yake sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 1.6, aliyeko Mtwara mjini ana hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo, wa wilaya ya Nanyumbu ni safari nyingine kabisa.

Halafu angalieni miezi. Huku hela inaonekana minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba hivi, AMCOS, vyama vya ushirika vya msingi, zikishalipa wakulima. Ukija kuandikisha watu mwezi wa 4 utapata wachache sana, na hao wachache ukiwaripoti bila kutaja mwezi ofisini wataona watu wa kusini ni wagumu tu.

Mwisho hizo namba zikishachambuliwa zirudi, zibandikwe pale ukutani zahanati na kamati ya kituo izijadili na wanakijiji, maana sisi ndo tunaojua siku gani dawa zilikwisha. Tuanze msimu huu wa korosho.