Waajiri wawape nafasi wanaosomea urubani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na waajiri wa Mbeya na Iringa kuhusu vijana wanaosomea urubani wa ndege za biashara huku wakiendelea na ajira.

Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga vinamtaka mwombaji wa leseni ya urubani huo awe na saa 200 za kuruka, au 150 iwapo amepitia mafunzo yaliyoidhinishwa. Mfanyakazi hawezi kuacha mshahara ambao ndio unaolipia saa hizo, hivyo wengi huanza na leseni ya rubani binafsi, kisha hukusanya saa kadiri fedha zinavyopatikana. Nadharia, kama vile hali ya hewa na sheria za anga, inaweza kusomwa jioni nyumbani Uyole au Mafinga. Kuruka hakuwezekani hivyo. Anayetoka Mbeya kwenda kuruka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, kwa siku mbili za mapumziko, akakuta mawingu yametanda, hurudi bila kurusha ndege. Na pengo likirefuka, mkufunzi hulazimika kurudia somo lililokwisha kulipiwa.

Nawasihi waajiri waruhusu likizo ya mwaka ichukuliwe kwa mkupuo, hasa miezi ya kiangazi. Nanyi vijana, pimeni afya kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kulipa ada yoyote, kwa kuwa cheti cha afya cha daraja la kwanza ni sharti la leseni yenyewe.

Mfanyakazi,
Uyole, Mbeya