Risala ya Wanafunzi wa Maabara ya Mbegu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana, na utuwie radhi kwa joto la chumba hiki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu tumejifunza kupima virusi vinavyorithishwa kwa mbegu za mpunga, na tulianza kwa kujiamini kupita kiasi. Tulichagua Nipponbare, mpunga wa Kijapani, uwe mbegu yetu safi ya kulinganishia. Miche ilikuwa ya kijani, wima, haina hata doa. Tulipotoa RNA ya nyuzi mbili, ambayo ikionekana kwa wingi kwenye mmea kwa kawaida huashiria virusi, kwenye majani na kuipitisha kwenye jeli inayoitenganisha kwa urefu, ukajitokeza mstari mnene unaong'aa. Tukalaumiana kuhusu ncha za pipeti, tukidhani zimechafuka. Tukarudia mara tatu, mstari ukawa pale pale. Kumbe ni aina ya virusi iitwayo endornavirusi ya mpunga, yenye RNA ya urefu wa jozi za besi kama 14,000, inayopita kwenye chavua na kwenye yai hadi kuwafikia zaidi ya asilimia 90 ya watoto wa mmea, bila kuonyesha dalili yoyote. Haina ganda la protini, hivyo kipimo cha ELISA kinachosaka ganda hilo kisingeiona kamwe.

Kimyanga, ugonjwa wa virusi unaogeuza majani ya mpunga kuwa ya njano, kilitufunza kinyume chake. Virusi vyake, vilivyoonekana kwanza Kenya mwaka 1966, hupatikana kwenye punje za mmea mgonjwa, lakini miche ya punje hizo huota bila ugonjwa. Shambani huenezwa na mbawakawa, na hata mikono na zana za mkulima.

Ndiyo maana punje ikipimwa tu haitoshi. Lazima ioteshwe, kisha mche upimwe, mahali wadudu hawafiki. Sisi tunaotesha dirishani. Mbawakawa waliingia muhula uliopita, tukatupa trei nne nzima, maana hakuna aliyeweza kusema virusi vilitoka kwenye mbegu au kwa mdudu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, friza yetu ni ya kuazima, lakini hilo tunalistahimili. Ombi letu ni moja: kibanda cha wavu wa matundu madogo, chenye milango miwili inayofuatana.

Trei ya Nipponbare iko meza ya pili. Tunakuomba uitazame kwanza, ndipo tukuonyeshe picha ya jeli.

Naomba kuwasilisha.