YAH: MALALAMIKO KUHUSU BREKI ZA MBELE ZINAZOSAGA NA BERINGI ILIYOBADILISHWA BILA SABABU

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Kwa heshima, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilileta Toyota Noah yangu gerejini kwenu ikisaga mbele, upande wa kushoto. Nilieleza mapokezi, na ikaandikwa kwenye kadi ya kazi, kwamba mlio unatoka nikikanyaga breki na nikiachia unakatika. Fundi wenu akaizungusha mtaani, akachungulia pedi za breki kupitia matundu ya rimu, akasema pedi bado nene, tatizo ni beringi, ile inayolifanya gurudumu lizunguke kwa ulaini. Nikalipia beringi na ufundi. Tuta la kwanza nje ya geti lenu, nikakanyaga breki: krrr, vilevile. Niliporudi niliambiwa nitembelee kwanza, itatulia.

Beringi iliyochoka haisubiri breki. Huvuma kadiri mwendo unavyopanda, na mara nyingi mlio hubadilika ukikata kona kwa sababu uzito unaegemea upande mmoja. Hata kijiwe kikinasa kati ya diski, lile sahani la chuma ambalo pedi hulibana, na bati la kukinga vumbi, husaga bila hata kugusa pedali. Mlio unaokuja na pedali na kuondoka nayo unataka tairi livuliwe, pedi ya nje na ya ndani zote zitazamwe. Hapo hapahitajiki kompyuta, ni jeki na spana tu.

Fundi wa mtaani kwetu alifanya hivyo. Pedi ya nje kweli ilikuwa nene. Ya ndani ilikuwa imekwisha, limebaki bati tupu linalokula diski. Pini ya kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, ilikuwa imeganda kwa kutu, kalipa haitelezi, kwa hiyo pedi ya ndani ilibeba kazi peke yake. Diski ina mifereji inayonasa ukucha, na alipoipima, ilikuwa imeshuka chini ya unene wa mwisho unaoruhusiwa, uliogongwa kwenye diski yenyewe. Nilikuwa najiandaa kwenda Iringa na watoto. Kuteremka mlima Kitonga wakati wa kurudi na breki za namna hiyo si jambo la kuja kuandikiana barua baadaye.

Sidai pedi, pedi huisha, hizo ni zangu. Nadai fedha ya beringi na ufundi wake, pamoja na gharama ya diski mbili za mbele, kwa kuwa ni ninyi mlioniambia niendelee kuendesha chuma kikisaga chuma. Naomba pia beringi ya zamani, ambayo sikukabidhiwa. Nina hamu ya kuizungusha kwa mkono nione kama kweli ilikufa.

Nimeambatanisha nakala za risiti, kadi ya kazi na picha za pedi zote mbili. Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14, la sivyo nitawasilisha lalamiko hili Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mteja, mwenye gari