Takosi bila mahindi katika mji wa bukari

Mheshimiwa Mhariri,

Mimi ni mwenye mashini ya kusaga mahindi katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi (Kenya yetu, si ile ya Nairobi). Mwaka wa 19 sasa nasimama mbele ya ile mashini, nyusi nyeupe kwa unga. Nipe punje mkononi, niiume, nitakwambia kama imekauka vizuri ama mwenyewe ameiharakisha sokoni. Si majivuno, nataka tu ujue anayelalamika ni nani.

Tuko kina mama watano wa likelemba moja, yaani kikundi cha kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu. Kila mwisho wa mwezi, anayepokea huwalipia wenzake chakula, na kawaida tunaishia kwenye michopo: mbuzi juu ya karatasi, kitunguu, pilipili, na bia ya Simba baridi kwa anayekunywa. Mwezi uliopita zamu ilikuwa yangu. Mwenzetu anayeuza vitenge alikuwa ameonyeshwa picha na binti yake kwenye simu: mkahawa mpya wa takosi, kule mjini, taa za rangi, viti virefu vya kupanda kama ngazi. “Yaya, tumwache mbuzi apumzike hata siku moja,” akaniambia (yaya kwetu ni dada mkubwa). Nikakubali. Tulicheka njia nzima kwa sababu ya lile jina, kwani ukisahau “si” ya mwisho, kila anayesema Kiswahili anajua umeangukia wapi. Dereva wa teksi alijifanya hasikii.

Humo humo ndani ya teksi ndipo Mama Mwalimu, aliyefundisha historia mpaka akastaafu, alipotuambia kwamba takosi ni chakula cha Meksiko, na kwamba hata hindi lenyewe ni la huko. Miaka kama 9,000 iliyopita wakulima wa kule walianza kuchagua mbegu za nyasi ya porini, yenye punje chache ngumu kama kokoto, wakarudia na kurudia mpaka likapatikana hindi. Wareno ndio waliolifikisha pwani za Afrika katika karne ya 16. Nilinyamaza. Bibi yangu aliapa mbele yangu kwamba wakubwa wetu walikula bukari (ugali) ya mahindi tangu Mungu aumbe watu! Halafu Mama Mwalimu akaongeza jambo lililonikamata: wenyeji wa Meksiko hawasagi mahindi makavu kama sisi. Wanayachemsha kwenye maji ya chokaa, wanayalaza usiku kucha, wanayaosha ngozi itoke, kisha wanayasaga yakiwa mabichi na kuyachoma kama chapati nyembamba. Hiyo ndiyo takosi, ukiisha kuweka nyama katikati na kukunja.

Basi niliingia mle ndani kama fundi anayekwenda kuchungulia karakana ya fundi mwenzake.

Orodha ilikuwa ya Kifaransa, na vyakula vinapimwa kwa M, L na XL kama mashati. Nikamuuliza kijana aliyetuhudumia: “Mwanangu, unga wenu munasagisha wapi?” Akanitazama. “Unga gani, Mama?” Nikamwonyesha kwa kidole ile chapati. Akaenda nyuma, akarudi na mfuko wa plastiki: chapati za ngano, zimepangwa kama sahani, zimekuja zimekwisha kupikwa, kutoka nchi ambayo hata yeye hakuijua. Mahindi? Hakuna. Hata punje ya mapambo.

Chakula chenyewe kilifika kimefungwa kama tofali, na kina uzito wa tofali, mgongoni mistari ya chuma cha moto. Ndani mna nyama ya kusaga, viazi vya kukaanga na mchuzi mzito wa jibini unaovutika. Muuza vitenge aliuma, akavuta, uzi wa jibini ukatoka mdomoni mpaka kwenye meza, naye hajui aukate kwa kidole ama aufuate kwa kichwa. Sitadanganya, ni tamu. Nilimaliza yangu na nikasaidia ya jirani.

Mama Mwalimu akatufafanulia tena (mwalimu hastaafu kweli): hiyo siyo ya Meksiko, ni takosi ya Ufaransa, iliyoanzia upande wa Lyon na Grenoble karibu na mwaka 2000, na vijana wetu wameifuata huko kwa sababu ya lugha. Sina ugomvi na hilo. Hata wenyewe Wameksiko wana takosi ya nyama ya kuzungushwa kwenye chuma kilichosimama, ufundi waliopata kwa wahamiaji wa Lebanoni, mama mmoja na shawarma tunayokula hapa mjini. Lakini Mlebanoni alipofika Meksiko aliweka chuma chake. Mfaransa aliweka jibini lake na viazi vyake. Sisi wa Lubumbashi, walaji wa bukari asubuhi na jioni, tumeweka nini? Tumeweka meza.

Wakati wa kulipa, noti yangu moja ya dola tano ilirudishwa. “Mama, hii feza haipitake, iko na mupasuko.” Mpasuko wenyewe urefu wa punje ya mchele. Faranga zetu zinapita zikiwa zimeunganishwa kwa gundi, ila dola lazima iwe imetoka kwa dobi. Tuliyaacha hayo, muuza vitenge akanikopesha.

Usiku sikulala vizuri, nikiwaza yale mahindi ya chokaa. Kesho yake nikachukua meka moja (bakuli la kupimia) ya mahindi meupe. Chokaa ya ukuta siwezi kuitia chunguni, kwa hiyo nikachuja maji ya jivu la kuni, kama mama yangu alivyofanya kulainisha mboga ngumu. Nikachemsha, nikalaza. Asubuhi ngozi inatoka kwa kusugua tu, punje zimekuwa za manjano kidogo, zina harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi. Kosa langu lilikuwa kuyamwaga kwenye mashini. Mashini ya unga mkavu haijui kitu kibichi. Ikalia, ikaziba, na wateja kumi wakasimama na ndoo zao mpaka saa sita huku mimi nikichokonoa uji kwa msumari. Nikarudi kwenye kinu na mchi. Chapati za kwanza zilipasuka. Za pili nilizibana kati ya vipande viwili vya plastiki, chini ya sufuria, zikatii. Nikatia lengalenga (mchicha), kapenta (dagaa) za kukaanga na pilipili. Mjukuu wangu mdogo aliziita “bukari ya kukunja” na akaomba ya tatu.

Mwenzetu muuguzi anasema yale maji ya chokaa yana kazi nyingine: yanafungua vitamini B3 iliyofungwa ndani ya hindi, na wanaokula mahindi matupu bila hivyo wanaweza kupata pelagra, ugonjwa unaochubua ngozi, kama ilivyowapata watu wa Kuito, Angola, mwaka 1999. Sisi tuna mboga na samaki, wala sitaki kumtisha mtu.

Ninachoomba, Mhariri, ni barua hii iwafikie wenye mikahawa hii mipya. Jibini lao libaki, na viti vyao virefu vibaki, japo goti langu linapinga. Waongeze mstari mmoja tu kwenye ile orodha: takosi ya mahindi. Mahindi tunayasubiri sote kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na Zambia ikikauka kama mwaka 2024 sote tunakosa usingizi. Angalau yakifika yaonekane pia kwenye sahani za mjini.

Mwezi ujao anapokea muuza vitenge. Amekwisha kusema tunarudi kule kule. Nitakwenda na chapati zangu kumi ndani ya kitambaa nimwombe yule kijana azijaze, na ile noti yangu ya dola tano nimeipiga pasi.

Mwenye mashini,
Komini ya Kenya, Lubumbashi