Lango la shule lifunguliwe hata Jumapili moja

Mhariri,

Mimi ni fundi wa nguo katika soko la Kibuye, hapa Kisumu. Sare za shule ndizo zinazonilisha, na mwezi wa Agosti nilimshonea binti yangu sketi mpya ya kwendea muhula wa tatu. Kiuno inchi 27. Nilimpima mwenyewe, nikakata mwenyewe, nikatia zipu. Ijumaa ya tarehe 24 Oktoba 2025 shule zilipofungwa nilikwenda kumchukua. Akanijia pale langoni akiburuta sanduku lake la bati, na sketi ileile ameikunja kiunoni mara mbili, ameibana kwa pini. Jioni tulipofika nyumbani nikamzungushia tepu. Inchi 24.

Kila mama mwenye binti anajua mawazo yanayokujia hapo. Yote yalinijia. Nikampeleka kliniki akapimwa malaria, taifodi, damu na mengine ambayo mama hupima kimoyomoyo kabla hata ya daktari. Hapakuwa na kitu. Kisha daktari akamuuliza jambo ambalo majuma tisa mazima hakuna mtu aliyemuuliza: unalala? Binti akasema tangu mwisho wa Septemba hajalala usiku mmoja mpaka asubuhi.

Nilipofungua sanduku nilikuta sukari haijafika nusu na biskuti zimevunjika ndani ya pakiti ambayo haijafunguliwa. Nyuma ya daftari la Hisabati alikuwa amechora visanduku 61, kimoja kwa kila siku tangu tarehe 25 Agosti hadi siku ya kufunga, na alikuwa akivikata kimoja kimoja kila jioni. Alikata hadi cha 40, basi. Nilimuuliza kwa nini aliacha. Akasema aliona havipungui.

Shule siitaji jina. Ni ya wasichana, ya bweni, ya Kanisa Katoliki, huku kwetu magharibi, na masista wanaoiendesha nawaheshimu. Nilimpeleka huko kwa sababu ya malezi, wala sijasikia kwamba kuna aliyempiga au kumtukana. Alishuka nambari darasani, rafiki yake wa kitanda cha juu akahama shule, na kila asubuhi wakiamshwa saa kumi na nusu anaambiwa kwamba Januari yeye ndiye mtahiniwa. Mambo ya kawaida kabisa. Ndiyo yaliyomla inchi tatu.

Kinachoniuma ni kwamba muda huo wote sikuruhusiwa kumwona.

Wasomaji wenye watoto wanajua ninachozungumzia. Muhula wa tatu hauna likizo fupi, hauna siku ya wazazi, hauna siku ya maombi. Marufuku hiyo ilitoka mwaka wa 2016, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Elimu, baada ya wizi wa mitihani ya 2015 ulioiangusha hata bodi ya Baraza la Mitihani. Ugonjwa ulikuwa mkali na dawa ikawa kali, sibishi. Ilisemwa karatasi zilikuwa zinapita mikononi mwa wageni waliojifanya wamekuja kuwaombea watahiniwa. Lakini binti yangu yuko Kidato cha Tatu. Mimi nikimtembelea nitamletea karatasi ya mtihani gani? Wa kufunga mwaka, uliotungwa na mwalimu wake mwenyewe?

Mwanzoni mwa Oktoba nilipanda matatu ya Kakamega kumpelekea sodo na sabuni. Askari wa lango alipokea mfuko kwa heshima, akaandika kwenye kitabu chake jina la mtoto, kidato, vitu na saa. Nikamwomba aniitie binti yangu nimwone tu, hata kwa mbali, hata kama hatutasemezana. Akasema, "Mama, nikifanya hivyo mimi ndiye nitakayerudi nyumbani." Sikumlaumu. Nilisimama ng'ambo ya barabara karibu nusu saa nikitazama paa la kanisa la shule, kisha nikageuza. Nilipopiga simu ofisini nikaambiwa wote wako salama, tuombeane. Tuombeane, sawa. Lakini aliyeniambia hivyo hakuwa amemwona binti yangu siku hiyo. Alikuwa anasoma orodha.

Dada yangu anasema watoto wa siku hizi ni mayai, sisi tulikaa bweni miezi mitatu na hatukufa. Nimelifikiria hilo nikiwa kwenye cherehani. Sisi tulikuwa na barua. Ijumaa mwalimu wa zamu alisoma majina kwenye paredi, nawe ukaenda kuchukua bahasha yenye mwandiko wa mama na stempu iliyolambwa nusu. Simu ikaja ikaua barua, kisha shule ikapiga marufuku simu. Mtoto akabaki hana hata kimoja. Ipo simu ya mwalimu ambayo wanapanga foleni Jumamosi, kila mtu dakika mbili, mwalimu amesimama hapo hapo. Utamwambia nini mama yako ndani ya dakika mbili mbele ya mwalimu? Utasema uko sawa, utume pesa za mchango.

Nitaambiwa mshauri nasaha yupo. Yupo, ni kweli. Ana vipindi vyake vya Kemia kuanzia Kidato cha Pili, na alasiri anaketi kwenye kamati ya nidhamu. Msichana aliyemwona Jumatatu akimpa mwenzake adhabu ya kulima hatamwendea Jumanne na siri zake. Hiyo si kasoro ya mwalimu. Amepewa kofia mbili zisizokaa kichwa kimoja.

Na padre je? Yaliyosemwa kwenye kitubio yanabaki kwenye kitubio, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini binti yangu ameniambia mwenyewe alichokwenda kuungama: uvivu. Alishindwa kuamka alfajiri, akaona ni dhambi. Akapewa Salamu Maria kumi, akazisali zote, Oktoba ni mwezi wa Rozari, na usiku ule hakulala vilevile. Padre angejuaje? Alipelekewa dhambi, akaitibu kama dhambi. Ugonjwa haukuwahi kumfikia.

Kuna neno ambalo shule zetu haziligusi, nami nitaligusa polepole. Mpaka juzi juzi sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226 katika Kanuni ya Adhabu, kinakwenda kinyume na Katiba. Na sisi Wakatoliki ambao bado tunanong'ona hata matangani tungesoma Katekisimu yetu, namba 2282 na ile inayofuata, tungeona kwamba Kanisa linatambua jinsi akili iliyosumbuka sana inavyompunguzia mtu lawama, na kwamba halikati tamaa juu ya wokovu wa aliyejiua. Novemba hii tunaombea marehemu wote. Tuongee pia na walio hai wangali hai. Sisemi binti yangu alifika huko. Nilimuuliza waziwazi, bila kuzunguka, kama daktari alivyonielekeza, akaniambia hapana, na nilimwamini kwa sababu alinitazama usoni. Kwa mtoto asiye na wa kumuuliza, nambari ya simu ya watoto ni 116, na haitozi pesa. Ningependa kuiona imebandikwa mlangoni mwa kila bweni. Ila basi, simu ya kuipigia iko wapi?

Ninachoomba ni kidogo. Kila Jumapili padre anatoka parokiani, anaingia kwenye lango lilelile nililofungiwa, anaadhimisha Misa. Jumapili moja tu, katikati ya muhula wa tatu, wazazi wa wanafunzi wasio watahiniwa waruhusiwe kusali Misa hiyo pamoja na watoto wao, na baada ya baraka wapewe nusu saa chini ya miti. Hakuna sufuria za pilau, hakuna kreti za soda, hakuna magari ya kushindana. Simu ziachwe kwa askari. Tupekuliwe, hata mikoba, hata vilemba. Watahiniwa wakitengwa siku hiyo, watengwe, ingawa hao nao nawahurumia. Atakayesema haiwezekani anieleze namna mkaguzi na muuza kuni wanavyoingia humo kila wiki.

Amri ilitoka Wizarani, najua, na Mwalimu Mkuu hawezi kuivunja peke yake. Lakini shule hizi zina mfadhili, nalo ni Kanisa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili nafasi kwenye bodi ya usimamizi na jukumu la malezi ya kiroho. Maaskofu wetu wanapotaka jambo la shule huwa wanasikika, tumewaona. Basi na hili walipeleke Wizarani. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto ana haki ya matunzo ya wazazi, na maslahi yake ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Sikuona mahali palipoandikwa isipokuwa muhula wa tatu.

Na mabweni nayo tungependa kuyaona kwa macho yetu. Ilikuwa Septemba 2024, muhula wa tatu vilevile, watoto 21 walipoangamia kwa moto kule Hillside Endarasha, Nyeri. Sisemi lango lililofungwa ndilo lililowasha moto. Nasema tangu siku hiyo simu ya shule ikiita usiku natupa mkasi.

Binti sasa analala. Si kila usiku, lakini mara nyingi. Mchana ananisaidia kutia vifungo, na juzi alikula samaki mzima peke yake, akalamba na vidole. Januari anaingia Kidato cha Nne. Barua kama hii nimempelekea Mwalimu Mkuu kwa mkono, wiki iliyopita, na askari yule yule akaiandika kwenye kitabu chake. Bado nasubiri jibu. Sketi sijaipunguza. Nimeitoa pini, nikatia lastiki nyuma.

Mzazi,
Manyatta, Kisumu.